Mtoto wa Ziwa Ndiye Bawabu

Shubiri ikishapakwa kwenye chuchu na kukauka haionekani. Mama huvunja jani, huukamua ule utomvu wa manjano, hupaka, hungoja kidogo, kisha humwita mtoto kama siku zote. Nimeliona jambo hili kwa karibu mara moja tu, uani kwa bibi yangu mzaa mama. Mtoto alikuwa na miaka miwili kasoro, miguu imejaa vumbi, na alikuja mbio kama mtu anayefuata haki yake. Alishika, akavuta, akaachia. Akamkazia mama yake macho kwa muda, bila kilio wala hasira, ameduwaa tu. Akajaribu upande wa pili. Hapo ndipo alipolia.

Bibi alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Haya, mumeo naye ajue. Bawabu ameondoka mlangoni." Wanawake wote pale uani wakacheka, isipokuwa mwenye mtoto.

Nilikuwa mdogo, sikuelewa bawabu gani wala mlango upi. Nilikuja kuelewa ukubwani, niliposoma habari za panya weupe wa maabara na jinsi uzazi unavyowarudia watoto wao wanapoachishwa ziwa. Tangu hapo nimekuwa nikiiweka ile kauli ya bibi kando ya kauli nyingine: za waganga wa Ugiriki, za wanachuoni wa Kiislamu, za wakunga wa kwetu, na za hao watu wenye vizimba na hadubini. Wote wanasema maziwa na mimba vinazuiana. Wanatofautiana juu ya nani anayezuia, na nani alaumiwe kizuizi kikishindwa.

Nianze na panya, kwa kuwa yeye hana mila inayomfunika.

Panya wa maabara hubeba mimba kwa siku 22 hivi. Akimaliza kuzaa, ndani ya siku hiyohiyo huingia kwenye joto, na dume akiwemo kizimbani humpanda. Mimba mpya hutunga wakati vitoto vya uzao wa kwanza bado ni vyekundu, havina manyoya, macho yamefumba. Panya hangoji arobaini. Anayedhani kwamba maumbile yamempangia panya uzazi kwa kumnyima dume amekosea tangu mwanzo.

Maajabu yako mbele kidogo. Viinitete vile vipya husafiri kama kawaida hadi kwenye mji wa mimba, na siku ya tano hivi vingetakiwa kujishikiza ukutani na kuanza kukua. Lakini mama akiwa ananyonyesha vitoto vingi, havijishikizi. Havifi, na kukua navyo havikui. Vinakaa tu, vimetulia, vinangoja zamu. Walio nje wakiendelea kunyonya kwa bidii, walio ndani wanaendelea kukaa foleni, na mimba ambayo ingechukua siku 22 inaweza kupita siku 30. Mfaransa Fernand Lataste aliandika habari za ucheleweshaji wa namna hii kwa wanyama wagugunaji mwaka 1891, miaka 14 kabla ya Mwingereza Ernest Starling kuleta neno "homoni". Watu waliiona foleni kabla hawajajua aliyeipanga.

Leo tunamjua, angalau kwa sehemu kubwa. Ukuta wa mji wa mimba wa panya anayenyonyesha umekwisha kuandaliwa. Homoni ya projesteroni ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni tone la estrojeni la kuwaambia wanaongoja kwamba zamu yao imefika. Mtafiti akimdunga mama huyo kiasi kidogo sana cha estrojeni, viinitete vinaamka na kujishikiza. Kwa hiyo swali linakuwa: nani ameifungia estrojeni?

Fuata njia kinyumenyume. Estrojeni hutengenezwa na ovari, nayo ovari haiitengenezi mpaka isikie homoni ya LH kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari nayo haiitoi LH mfululizo kama bomba lililoachwa wazi. Huitoa kwa mapigo, kama ngoma, ikifuata mapigo ya homoni nyingine, GnRH, inayotoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Ovari hucheza kwa mdundo huo. Mdundo ukikatika, hata kama ngoma ipo na mpigaji yupo, ovari hukaa chini.

Kinachoukata ni mdomo. Panya ana chuchu 12, na kila kitoto kinapovuta, taarifa hupanda kwa mishipa ya fahamu, hupita uti wa mgongo, hufika haipothalamasi. Huko kuna seli zinazotoa kisipeptini, ambayo ndiyo humwamsha mpigaji ngoma. Kwa panya anayenyonyesha, seli hizo hunyamaza. (Jina la kisipeptini, kwa watakaolishangaa, linatokana na chokoleti. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 huko Hershey, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chokoleti ziitwazo Kisses. Walioigundua walikuwa wanatafuta habari za saratani. Mwaka 2003 ndipo ilipojulikana kwamba bila mfumo wake mtoto wa binadamu havunji ungo wala habalehe.) Wakati huohuo kunyonywa kunapandisha prolaktini, homoni ya maziwa, na kwa panya prolaktini hiyo ndiyo inayozihimiza ovari ziendelee kutoa projesteroni. Matokeo yake mlango unafungwa kwa komeo mbili: estrojeni imezuiwa, projesteroni imejaa.

Idadi nayo ina maana yake. Panya aliyeachiwa vitoto wanane hukaa kimya kwa muda mrefu kuliko aliyeachiwa wawili. Wawili hawana nguvu ya kuukata mdundo sawasawa. Bawabu mmoja mchovu si sawa na kikosi.

Halafu inafika siku ya 21. Mtu wa maabara anafungua kizimba, anawainua vijana wa panya mmoja mmoja kwa shina la mkia, anawahamishia kwenye kizimba chao. Hakuna shubiri wala kilio kinachosikika kwa sikio letu. Ndani ya saa chache prolaktini ya mama inashuka, na projesteroni inaifuata. Katika siku mbili tatu mapigo ya LH yanarudi, kwanza yakiwa machache, kisha kwa mpangilio. Ovari inaanza kukuza mayai na kutoa estrojeni. Siku ya nne hivi panya yuko tayari kwa dume.

Namna wanavyoijua siku hiyo inapendeza kuitazama. Mwaka 1922 Joseph Long na Herbert Evans, wa Berkeley huko California, walichapisha kitabu kizima kuhusu mzunguko wa panya, ambao ni wa siku nne au tano, na kipimo walichokitumia bado kinatumika. Unachukua mrija mwembamba wenye tone la maji ya chumvi, unauingiza kidogo kwenye uke wa panya, unarudisha tone lile juu ya kioo, unatazama kwa hadubini. Siku za kunyonyesha utaona seli nyeupe za damu, ndogondogo, zimetapakaa kama ufuta uliomwagika. Vitoto vikishaondolewa, seli nyeupe zinapungua, zinakuja nyingine za mviringo zenye kiini kinachoonekana wazi, na asubuhi moja kioo kizima kimejaa magamba: seli bapa, kavu, zimepandana kama magamba ya samaki kwenye ubao wa kuparia. Mtu wa maabara anaandika herufi moja kwenye kadi. Bibi alikuwa na neno lake kwa jambo hilohilo. Aliuliza, "Ameshauona mwezi?"

Sasa tuwageukie Wagiriki. Aristotle alikuwa ameshaandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba mwanamke anayenyonyesha kwa kawaida hapati hedhi wala hachukui mimba, na akiichukua maziwa hukauka. Uchunguzi huo ni mzuri, na hakuwa na kizimba. Maelezo yake ndiyo tofauti. Kwa Aristotle, na baadaye kwa Galen na tiba nzima iliyomfuata hadi kwa Ibn Sina, maziwa ni damu. Ile damu ya hedhi iliyokuwa ikimlisha mtoto tumboni hupanda kifuani baada ya kuzaa, hupikwa na joto la mwili, ikawa nyeupe. Damu ni moja, kazi ni mbili. Ikienda juu haiwezi kubaki chini. Leonardo da Vinci aliichora njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1490: katika mchoro wake wa mwanamume na mwanamke waliokatwa nusu kuonyesha viungo vya ndani, kuna mshipa unaopanda kutoka mji wa mimba hadi kwenye titi. Mshipa huo haupo. Leonardo, aliyepata sifa ya kuchora alichokiona, hapo alichora alichokisoma.

Ni rahisi kumcheka. Mimi sicheki sana, na nitarudi kueleza kwa nini. Nilichotaka kukionyesha sasa ni kile Galen alichokijenga juu ya nadharia hiyo. Aliagiza mwanamke anayenyonyesha ajiepushe kabisa na tendo la ndoa, kwa hoja kwamba tendo hilo huita hedhi, huharibu utamu wa maziwa, na akishika mimba mtoto wa ziwa ndiye atakayeumia. Agizo likapokewa Ulaya kwa karne nyingi, na wenye uwezo wakapata njia ya kulikwepa: mnyonyeshaji wa kuajiriwa. Mtoto wa bwana mkubwa alipelekwa kwa mwanamke wa kijijini. Bibi mkubwa, kifua kikiwa hakina mdomo, akarudi kwenye uzazi mapema na kuzaa karibu kila mwaka. Yule mwanamke maskini aliyebaki na mtoto wa watu kifuani ndiye aliyepata pengo la uzazi. Kwa lugha ya panya tungesema vitoto vilihamishwa kizimba, na waliohusika hawakujua walichokifanya.

Uislamu uliliendea jambo hili kwa njia nyingine, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye utajiri kuliko zote. Kwanza kuna muda. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na inaruhusu kuachisha mapema ikiwa wazazi wote wawili wameridhiana na kushauriana. Sura ya Al-Ahqaf inahesabu kubeba na kuachisha kuwa miezi 30. Ziwa linakuwa jambo la mashauriano kati ya watu wawili, kitu ambacho Galen hakukifikiria, maana kwake mwanamke alikuwa wa kuagizwa.

Pili kuna ghila. Isichanganywe na hila ya wajanja. Waarabu waliliita hivyo tendo la mume kumwendea mkewe wakati ananyonyesha. Wengine walisema ghila ni mama kunyonyesha akiwa na mimba. Tafsiri hizi mbili zilikaa pamoja kwa muda mrefu. Imam Malik aliishika ya kwanza. Hofu yao ilikuwa ileile ya Galen, kwamba mtoto atadhoofika. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Judama bint Wahb kwamba Mtume alikusudia kuikataza ghila, kisha akazingatia kwamba Warumi na Waajemi wanaifanya na watoto wao hawadhuriki. Hakuikataza. Lakini katika mkusanyo wa Abu Dawud kuna upokezi mwingine, wa Asma bint Yazid, unaoonya dhidi ya kuwaua watoto kwa siri, na kusema athari ya ghila humfikia mpanda farasi akiwa mtu mzima na kumwangusha. Wanachuoni wamejitahidi kuzipatanisha riwaya hizo mbili. Mimi si mwanachuoni, sitaamua kati yao. Kinachonivutia ni namna ya hoja katika ile ya kwanza: hofu ya watu wa mahali pamoja inapimwa kwa kutazama watu wa mahali pengine. Ndivyo afanyavyo mtafiti wa afya ya jamii leo akitaka kujua kama desturi fulani inadhuru. Hatazami nyumba moja yenye mtoto mgonjwa, anatazama umma.

Nyumba moja yenye mtoto mgonjwa ndiyo inayotuleta kwetu.

Mswahili hahitaji kuelezwa maana ya kubemenda. Mtoto amechelewa kutembea, miguu imelegea, tumbo limetangulia mbele, anaharisha hovyo: amebemendwa. Wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mama ameshika mimba ziwa likiwa bado mdomoni, au baba ametoka nje ya ndoa akarudi akambeba mtoto na jasho la huko. Msomaji ataona kwamba maana mbili za kwanza ni zilezile mbili za ghila, hazijapungua wala kuongezeka. Ya tatu, ile ya jasho la nje, ina wivu na adabu ya ndoa ndani yake kuliko tiba. Bara nako mambo hayo yapo. Mara Mabilia, mwanaanthropolojia wa Italia, alikaa na akina mama wa Kigogo katika mkoa wa Dodoma, na kitabu chake cha mwaka 2005 kinaeleza jinsi maziwa yanayoharibika yanavyosomwa kuwa ni ushahidi wa mwenendo wa mama. Mtoto akikonda, kesi imeanza.

Afrika Magharibi waliona kitu hichohicho na wakakipa jina ambalo sasa limo katika vitabu vyote vya tiba. Daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu na ngozi kubanduka, na mwaka 1935 akautaja kwa jina alilolichukua kwa Waga: kwashakoo, ugonjwa wa mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Kina mama wa Kiga na wakunga wetu walikuwa wanatazama picha moja. Mimba mpya, kisha mtoto wa ziwa anaporomoka. Williams aliuliza mtoto huyo anakula nini baada ya kunyang'anywa ziwa, na jibu lilikuwa uji wa mahindi mtupu.

Hapa ndipo penye uchungu, na ndipo ninapoachana na bibi yangu. Hofu ya kubemenda ilimwambia mama aliyeshika mimba kwamba maziwa yake sasa ni sumu. Akiogopa, na akiogopa zaidi macho ya majirani, alipaka shubiri siku hiyohiyo. Mtoto wa miezi minane au tisa akaondolewa ziwani kwa ghafla akawekwa kwenye uji. Akakonda, na kukonda kwake kukathibitisha kwamba alibemendwa kweli. Dawa ilileta ugonjwa, na ugonjwa ukaisifu dawa. Maziwa ya mwenye mimba si sumu. Hupungua, lakini mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila vizuri na kwenda kliniki. Nimemwona jirani mmoja akisimangwa mbele za watu kwa mtoto ambaye shida yake ilikuwa minyoo na njaa. Mumewe alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, amenyamaza, hakuna aliyemgeukia.

Hata hivyo sikubali kwamba mila ile ilikuwa upuuzi. Irudishe kwenye kizimba uone. Panya anaweza kupandwa siku ya kuzaa kwa sababu tumbo lake lina foleni. Viinitete vyake vinangoja mpaka wakubwa washibe. Mwanamke hana foleni hiyo. Kiinitete cha binadamu kikifika kwenye mji wa mimba hakingoji mtu. Kinajishikiza au kinapotea. Kwa hiyo binadamu amelazimika kuiweka foleni yake nje ya mwili: kwenye kitanda cha mama na mtoto kinachotengwa, kwenye safari ya mke kwenda kujifungulia kwao na kukaa huko, kwenye aibu ya mume. Wayoruba wa Nigeria waliirefusha kufikia miaka mitatu, kama John na Pat Caldwell walivyoandika mwaka 1977. Kubemenda, ghila, agizo la Galen, kila moja ni jaribio la jamii kutenda kwa sheria kile ambacho tumbo la panya hutenda kimya. Sheria ina gharama ambayo tumbo halina: lazima apatikane mkosaji. Na mara nyingi mkosaji amevaa khanga.

Lakini mwanamke anao ule mlango mwingine, ule wa ngoma iliyonyamazishwa. Nao unafanya kazi kwake karibu kama kwa panya, kwa tofauti moja kubwa: kwa mwanamke prolaktini haiziagizi ovari zitoe projesteroni, hivyo ovari zake zinalala tu. Kipimo cha mdomo ni kilekile. Mwaka 1980 Melvin Konner na Carol Worthman walichapisha walichokiona kwa Wasan wa !Kung huko Kalahari: mtoto hunyonya mara kadhaa kwa saa, kila mara kwa dakika chache, mchana kutwa, na usiku analala ubavuni kwa mama. Pengo kati ya mtoto na mtoto lilikuwa miezi 44 hivi, bila kidonge wala miiko mirefu. Karibu zaidi na sisi, Kivu, Pierre Delvoye na wenzake walipima damu za akina mama na kuchapisha matokeo mwaka 1977: walionyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku walikaa na prolaktini ya juu kwa muda mrefu, walionyonyesha pungufu ya hapo iliwashuka mapema. Muda unaopita kati ya ziwa na ziwa una uzito kuliko umri wa mtoto. Mama wa mjini anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala na kurudi saa 2 usiku bado anasema ananyonyesha, na ni kweli, lakini haipothalamasi yake imekaa kutwa bila kusikia mdomo.

Kisha kuna chakula, na hapa namrudia Aristotle na damu yake moja yenye kazi mbili. Panya anayenyonyesha akipunguziwa chakula, kimya chake hurefuka. Barbara Woodside wa Montreal amelionyesha hilo. Huko Keneba, Gambia, akina mama wanaonyonyesha walipoongezewa chakula, prolaktini ilishuka na hedhi ikarudi mapema, ingawa maziwa hayakuongezeka. Na wanawake wa Toba wa Formosa, Argentina, waliofuatiliwa na Claudia Valeggia na Peter Ellison, walinyonyesha mara nyingi usiku na mchana, lakini walikuwa wamelishwa vizuri, na hedhi iliwarudia kwa wastani wa miezi kumi hivi. Mwili unahesabu. Chakula kinaingia kiasi gani, kinatoka kiasi gani, kinabaki cha kulisha mtu wa tatu? Wagiriki waliikosea njia ya mabomba, lakini kwamba kuna hazina moja inayogawanywa hawakuikosea. Ndiyo maana sikumcheka Leonardo.

Agosti 1988 watafiti walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana juu ya kanuni ambayo sasa wauguzi wa uzazi wa mpango huifundisha. Mama ambaye hajaona hedhi tangu kuzaa, anayemnyonyesha mtoto bila kumchanganyia vyakula, na mtoto hajatimiza miezi sita, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, atafute njia nyingine. Bibi alikuwa na maswali yake matatu ambayo aliyauliza kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya nazi: ameota meno? Ameanza kula? Ameshauona mwezi? Hakuwahi kufika Bellagio. Lakini pia, nikiwa mkweli, maswali yale aliyauliza ili ajue wa kumsema, zaidi ya wa kumshauri.

Tofauti ya mwisho kati ya uani na maabara ni kwamba maabara huachisha mara moja. Vitoto vinaondolewa saa 3 asubuhi na saa inaanza kuhesabiwa, ndiyo maana tunaweza kusema kwa uhakika siku ya ngapi ngoma inarudi. Kwetu hakuna siku ya ngapi. Yule mtoto wa shubiri alilia mpaka magharibi, akapewa ubwabwa na mchuzi wa nazi, akala kidogo, akasinzia mgongoni kwa dada yake. Bibi akasema kazi imekwisha. Usiku wa manane niliamka kwenda msalani. Mlango wa chumba cha mama wa mtoto ulikuwa wazi nusu na koroboi inawaka. Alikuwa amekaa kitandani na bakuli la maji ya uvuguvugu, kitambaa mkononi, anajifuta taratibu upande wa kushoto, kisha wa kulia, na mtoto ameshaamka, ameshika ukingo wa khanga yake kwa mikono miwili, anangoja.